Mnunuzi wa Picha ya Huwaida

Huwaida hakwenda kituoni kwa sababu ya moto wa Ras Kitau. Alikwenda kwa sababu ya picha yake, na kwa namna alivyoanza kueleza, Inspekta Kwamboka alidhani ni shauri la kumpa konstebo yeyote mwenye nafasi.

"Picha yangu imeuzwa," Huwaida alisema. "Na aliyeiuza ananambia imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Ndilo swali nililomuuliza. Picha si mkate, useme wamekuja wenye njaa wakaumaliza."

Kwamboka alifunga jalada la kesi ya moto akamvutia kiti. Jalada lile lilikuwa limemchosha. Jumamosi, wakati mji mzima wa Amu uko ufukweni kutazama mashindano ya kuogelea kutoka Ras Kitau hadi Shela, karakana ya mashine za boti ya Bwana Wazir, mfanyabiashara wa mjini, iliteketea kule Ras Kitau. Mlinzi wake, Sadiq, alitolewa ndani ameungua kifua na mikono, akapelekwa Mombasa kwa ndege, na tangu hapo hakuweza kuhojiwa. Ndani ya seli, nyuma ya ukuta huu huu, alikuwamo Zaki, fundi kijana kutoka Mbwajumali, ambaye Bwana Wazir alikuwa amemfukuza kazi wiki moja kabla. Watu wawili walimwona pale ufukweni Ras Kitau asubuhi ile. Zaki alisema alikwenda kutazama waogeleaji kama watu wengine. Hakuna aliyekumbuka kusimama naye, kwa sababu kila mtu alikuwa amekodoa macho baharini.

"Haya," Kwamboka alisema. "Picha gani?"

Huwaida alikuwa muuguzi, mtu wa Mkomani, mwanamke pekee wa mtaa wake aliyeingia majini siku ile. Aliogelea na vazi la mwili mzima na kitambaa cha kichwa, nambari arobaini na moja imeandikwa mkononi. Mama yake alikubali kwa sharti moja, picha zake zisianikwe mtandaoni. Mpiga picha, Swafwan, alilikubali sharti hilo. Picha za wanawake hakuziweka kwenye ukurasa wake wa wazi. Kila mmoja alitumiwa yake kwa simu, sampuli ndogo yenye jina la Swafwan limepita katikati, ya kuonekana mara moja na kupotea. Ukiipenda, unanunua.

"Niliipenda," Huwaida alisema. "Nikamwambia nitakuja nimlipe, nichague na ukubwa wa karatasi. Nilipofika ananambia pana mtu ameshainunua, na ameifuta kwenye mashine zake zote. Nikamuuliza ni nani, akatazama chini."

"Unamshuku mtu?"

"Simshuku mtu, na hilo ndilo linaloniogopesha. Kuna mtu nisiyemjua ana picha yangu, tena amelipa ili mimi mwenyewe nisiwe nayo. Mama hajui. Akijua, nimeogelea mara ya mwisho."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Kwamboka alimwangalia, kisha akachukua kofia yake.

*

Studio ya Swafwan ilikuwa chumba cha chini cha nyumba ya mawe ya zamani, kuta zake nene kiasi kwamba feni ilikuwa ya urembo tu. Ukutani palijaa watu wasiojulikana nje ya visiwa hivi: timu ya mpira ya wachuuzi wa samaki, mvulana aliyeanguka na punda katikati ya mbio, wazee wa mchezo wa bao wakibishana. Swafwan, kijana mwembamba mwenye miwani, alisimama alipoona sare.

"Ni Huwaida," alisema kabla hajaulizwa.

"Tutafika huko. Kwanza nieleze bei zako."

Swafwan alishangaa, lakini swali lilikuwa la kazi yake, akalijibu kwa raha. "Mia tatu kutumiwa kwa simu. Mia sita iliyochapishwa. Nilianza na mia tano kwa simu, nikaona watu wanatembea na sampuli yangu hivyo hivyo, jina langu limewapita usoni. Nikashusha. Kwa mia tatu mtu huona haya kuiba."

"Na mshindi? Yake ni ghali zaidi?"

"Mshindi hanunui, madam. Amepigwa na kila simu iliyopo ufukweni. Anayenunua ni yule aliyefika wa thelathini na kitu, anatapika maji, hakuna aliyemtazama ila mimi. Na umuuzie siku ile ile, chumvi haijamtoka mwilini. Ikipita wiki ataanza kuliona tumbo lake."

Kwamboka alitabasamu. "Na mtu asiyekuwamo kwenye picha, huwa ananunua?"

"Mama. Baba. Mume."

"Huwaida hana mume. Baba yake amefariki. Mama yake hajui lolote."

Swafwan alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Alikuja bwana mmoja Jumapili," alisema. "Alitaka kuziona picha zote za mashindano, hata zile nisizoziweka ukurasani. Nilimkatalia, madam, wallahi. Lakini ni mtu mkubwa, rafiki wa marehemu baba. Ukimkataa mara ya pili unakuwa huna adabu. Nikamfungulia. Alizipita haraka haraka, kisha akasimama kwenye ya Huwaida. Nikamtajia mia sita. Yeye akataja elfu kumi na tano, kwa masharti kwamba niifute asili yake na nisimtaje."

"Wewe hukumwomba hizo?"

"Sikumwomba. Na hakuteta bei. Mfanyabiashara wa Amu, madam, hata bei ya kichane cha ndizi huiteta mpaka muuzaji ajute kuamka."

"Hukujiuliza kwa nini?"

"Nilijiuliza, na nikajijibu." Swafwan aliinua macho. "Anaye kijana wake Muscat, hajaoa. Nikasema Bwana Wazir anamtafutia mwanawe mke, na hataki picha ya mkwewe izagae. Nikaona ni jambo la kheri."

Kalamu ya Kwamboka ilisimama kwenye jina hilo.

"Wazir mwenye karakana iliyoungua?"

"Ndiye."

Posa ilieleza mengi. Ilieleza usiri, ilieleza pesa zilizotolewa bila kuulizwa, na ilieleza hata aibu ya Swafwan. Kwamboka alikaribia kuikubali, arudi kituoni amwambie Huwaida aende nyumbani akasubiri wageni. Lakini mtu aliyeunguliwa na mali yake Jumamosi, mlinzi wake yuko mahututi, anatoka Jumapili kumchagulia mwanawe mchumba?

"Nikumbushe," alisema. "Alipoiona picha, alisema nini juu ya msichana? Alimsifu? Aliuliza ni binti wa nani?"

Swafwan alifikiri. "Hapana. Hakuuliza."

"Hakuuliza kabisa?"

"Aliniuliza tu kama ninazo nyingine za upande huu."

"Upande upi?"

"Upande huu." Swafwan aliinua kidole kuonyesha kwenye kioo cha kompyuta, na kidole chake kikasimama. Hakikuwa katikati, ambapo mwogeleaji huwa. Kilikuwa juu, pembeni kushoto. "Aliniambia nikuze hapa. Nikakuza."

"Hapa palikuwa na nini?"

"Sikuangalia, madam. Mimi huangalia mwogeleaji."

Kwamboka alivuta kiti karibu. "Ulikuwa umekaa wapi ulipopiga?"

"Kwenye boti ya kuwasindikiza. Tulikuwa mbele yao, wao wanakuja, mimi nimeelekeza kamera walikotoka."

"Yaani nyuma ya Huwaida ni Ras Kitau."

"Ndiyo."

"Ni karakana."

Mlangoni punda alipita na mzigo wa mawe, mwenyewe akimhimiza, na wote wawili walisubiri apite kana kwamba angeweza kuwasikia.

"Na picha umeifuta," Kwamboka alisema.

"Nimeifuta. Alisimama hapa hapa akanitazama nikiifuta. Kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kamera."

Kwamboka alifunga daftari lake. Alikwisha kusimama aondoke, lakini kazi ya kijana huyu ilikuwa bado inamtekenya akili, akauliza tu kwa kutaka kujua. "Hivi mtu akija mbele yako anaogelea, maji yanamfunika, mkono unapita usoni, wewe unawezaje kumpata uso wake safi kwa picha moja?"

"Moja?" Swafwan alicheka kwa mara ya kwanza. "Si moja. Kamera inapiga mfululizo, kumi, kumi na tano. Katika hizo nachagua iliyo bora, ndiyo ninayoitia bei. Ukimwonyesha mteja zote anababaika, mwisho hanunui hata moja."

"Na zinazobaki?"

"Takataka. Uso umezama, ama mkono umeziba, ama kamera imekosa shabaha. Haziuziki."

"Huzifuta?"

"Nikipata nafasi. Nimezitia..." Swafwan alimwangalia, na kauli yake ikaishia hapo.

"Bwana Wazir alikuuliza juu yake?"

"Hajui kama zipo. Alitaka ifutwe ile ya kuuza."

Swafwan hakungoja kuambiwa. Alifungua folda ya kompyuta aliyoipa jina la Takataka, akashuka hadi nambari arobaini na moja. Ya kwanza ilikuwa povu tupu. Ya pili, kiwiko. Ya tatu, kitambaa cha kichwa na jicho moja lililofumba. Kisha zikaja tatu ambamo Huwaida alikuwa kivuli cha buluu tu kisichokuwa na sura.

"Hapa kamera ilimpoteza," Swafwan alisema kwa haya ya fundi. "Wimbi lilimfunika, ikashika kilicho nyuma yake."

Na kilicho nyuma kilikuwa wazi kabisa. Ufuko wa Ras Kitau, mikoko, paa la mabati la karakana. Mbele yake boti nyeupe yenye mstari wa kijani, na mtu anayeshuka ngazi ya gati kuiingia, kanzu ameishika mkononi ikapanda magotini. Katika ya mwisho ya hizo tatu aligeuza uso kuelekea kwenye kelele za waogeleaji.

Swafwan alikuza bila kuambiwa. Ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, paji pana. Hakukuwa na shaka, ni Bwana Wazir.

"Inna lillahi," alisema polepole.

"Moshi?"

"Hamna moshi." Alisogea mbele, akapita waogeleaji wawili watatu waliomfuata Huwaida. Kwenye wa mwisho wao, juu ya paa lile lile, uzi mweusi ulianza kupanda. Baada ya hapo haukukosekana tena katika picha yoyote.

Kwamboka alimpigia simu Konstebo Owen aje na bahasha za vielelezo. Kadi ya kamera ilifungwa na kutiwa muhuri, nakala ikatolewa, Swafwan akaweka saini mara tatu. Picha ile yenye uso wa Bwana Wazir ilichapishwa kwenye karatasi nzuri.

"Kuna tatizo kwangu?" Swafwan aliuliza.

"Kwangu, utakuwa shahidi. Kwa Huwaida, hilo utakwenda ulimalize mwenyewe. Alikuamini, nawe ukamfungulia mtu mlango."

*

Bwana Wazir alimpokea kwenye daka la nyumba yake, pale mlangoni penye mabenchi ya mawe ambapo wageni wasio wa ndani huketishwa. Kahawa ililetwa, na halua kwenye kisahani. Owen alibaki nje kichochoroni.

"Karibu, Bi Kwamboka. Mmeshamaliza na yule kijana wa Mbwajumali?"

"Bado kidogo."

"Mtu umemfunza kazi, kisha akakutia moto. Nti imeharibika hii, na watu wake."

Kwamboka alionja kahawa. "Nimekuja kwa jambo jingine. Umenunua picha ya msichana wa mtaa huu."

Hakutetereka. "Nimenunua. Ni haramu?"

"Inategemea unaitakia nini."

"Matangazo. Nina boti za wageni. Mwanamke wa hapa akivuka mlango wa bahari kwa kuogelea, wageni hupenda vitu kama hivyo."

"Bila ya kumwomba?"

"Ningemwomba wakati ukifika."

"Na kwa nini ifutwe?"

"Sikutaka mwenzangu mwingine aitumie. Biashara ndivyo ilivyo."

"Naweza kuiona?"

"Nimeipeleka Mombasa kwa wachapaji."

Majibu yalikuwa mazuri, na yalikuja moja baada ya jingine kama mtu anayepanga vikombe. Kwamboka aliitikia kwa kichwa.

"Nisamehe, kuna mambo madogo ya kesi ya moto nataka niyanyooshe nikiwa hapa. Siku ile ulivuka kwenda Ras Kitau wakati gani?"

"Nimeshayaandikisha. Nilipopigiwa simu kwamba kunaungua."

"Kabla ya hapo?"

"Nilikuwa ndani. Ndia zote zimejaa watu, ningekwenda wapi?"

"Boti yako ile nyeupe ilikuwa wapi?"

"Imefungwa hapa gatini, upande wetu."

"Labda mtu aliiazima."

"Haiazimwi." Aligusa mfuko wa kanzu. "Ufunguo wake huu, hautoki kwangu."

"Basi asubuhi ile boti haikwenda Ras Kitau, na wewe hukwenda."

"Ndivyo."

Kwamboka alimwacha mpaka afunge kila mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatoa picha kwenye bahasha, akaiweka juu ya benchi la mawe, kati ya kahawa na halua.

Bwana Wazir aliinama kuitazama. Alitazama kwanza kile kivuli cha buluu mbele, kama asiyeelewa anaonyeshwa nini. Kisha macho yake yalipanda juu, kushoto.

"Siyo hii niliyonunua," alisema.

"Siyo. Hii haina bei. Msichana hana uso."

"Swafwan alifuta. Nilimwona."

"Alifuta uliyoilipia."

Ndani ya nyumba mwanamke alikuwa akimwita mtoto ale. Bwana Wazir alinyoosha mkono akaigeuza picha, uso chini, taratibu.

"Zile mashine zilikuwa zimekufa," alisema. "Mbili tu zilikuwa nzima. Bima ingelipa zote. Sikutaka kumdhuru mtu. Mimi mwenyewe nilimpa Sadiq ruhusa asubuhi ile, nikamwambia nenda katazame mashindano, usirudi mpaka yaishe. Niliona kwa mato yangu amekwenda. Kwa nini alirudi?"

"Aliona moshi."

"Akimbie aite watu."

"Aliingia ndani, Bwana Wazir. Mashahidi wanasema aliupiga mlango teke akaingia. Tunadhani alikwenda kuokoa mali yako."

Bwana Wazir alifunika uso kwa viganja viwili. "Na Zaki ulimtaja wewe," Kwamboka aliendelea. "Hatukumjua. Ulituletea jina lake siku ile ile."

"Alikuwa ameshafukuzwa. Hana la kupoteza."

Kwamboka alisimama. Alimruhusu aingie ndani na Owen akamuage mkewe, na hakumfunga pingu mpaka walipovuka kichochoro cha nyumba yao.

*

Huwaida alikuwa bado kwenye benchi la kituoni. Kwamboka alimwita ofisini, akamwonyesha picha zile mbovu, akamweleza kwa maneno machache. Picha nzuri Bwana Wazir aliichoma siku hiyo hiyo aliyoinunua. Jivu lilipatikana jikoni kwake.

Huwaida aliitazama karatasi kwa makini, akakigusa kile kivuli kilichokuwa yeye.

"Kwa hiyo hakuwa akinitazama mimi."

"Hakukutazama hata kidogo."

Huwaida alicheka kidogo, kama mtu aliyepona ugonjwa ambao hakupata hata heshima ya kuugua. Alisema Swafwan amempigia simu mara nne. Angemjibu ile ya tano, labda. Kwa mama yake angesema mwenyewe, jioni, baada ya chakula. Alijitanda mtandio wake akatoka.

Owen alikwenda kufungua seli. Zaki alitoka akipepesa macho, viatu mkononi, akasikiliza maelezo ya Kwamboka bila ya kumkatiza. Alipoambiwa yuko huru hakuangalia mlango.

"Sadiq yuko hai?"

"Yuko hai. Leo asubuhi amefungua macho."

"Naweza kusema naye?"

Kwamboka alipiga simu wodini Mombasa. Muuguzi alisita, akasema mgonjwa anasikia lakini asisumbuliwe, kisha akakubali kumwekea simu sikioni kwa dakika moja. Kwamboka aliweka sauti ya wazi, akaisogeza simu kwenye meza.

"Sadiq," Zaki alisema. "Ni mimi. Zaki."

Palikuwa na mkwaruzo wa shuka, na pumzi nzito. Sauti iliyokuja ilikuwa ya mtu anayezungumza kupitia kitambaa.

"U wapi?"

"Niko Amu. Nimetoka."

"Hukuungua?"

"Mimi? Sikuwamo."

Owen aliacha kuandika.

"Nilikuita," Sadiq alisema. "Nikakutafuta chumba chote. Nilidhani umelala kule nyuma, mlango nimekufungia mwenyewe."

Zaki aliketi sakafuni pale pale alipokuwa, viatu vikamtoka mkononi. Kwamboka alimtazama, na ndipo alipopata jibu la mambo mawili ambayo hakuwahi kuyauliza sawasawa: kijana aliyefukuzwa kazi alikuwa akilala wapi wiki nzima, na kwa nini alikubali kukaa seli kuliko kusema na kumponza aliyemficha.

"Nilitoka alfajiri kwa dirisha," Zaki alisema. "Kwenda kutazama waogeleaji. Sikutaka kukuamsha."

"Basi vyema," Sadiq alisema. "Vyema."

Muuguzi alichukua simu akasema inatosha. Kwamboka aliikata. Aliokota viatu vya Zaki, akaviweka karibu yake, kisha akamwambia Owen aulize gatini kama bado kuna boti ya kwenda Mokowe, upande wa bara, mtu apate kuwahi basi la Mombasa.